AFYA YA NYUMBANI: Kisima kina mwenyewe, maji ni ya wote



Mwezi huu tuzungumze juu ya maji ya kisima. Mama anayeishi Kiuyu, kule Micheweni kaskazini ya Pemba, hahitaji kuelezwa thamani ya ndoo moja. Ardhi ya huko ni ya mawe ya matumbawe, yenye matundu mengi. Maji ya mvua huzama upesi, na uchafu wa choo au wa mifugo huzama pamoja nayo bila kuchujwa vizuri. Tena kisima cha karibu na pwani kikitekwa kupita kiasi, maji ya bahari huingia kwa chini. Chumvi ulimi huitambua. Vijidudu vya kipindupindu havina ladha wala rangi.

Mwaka 2009 watu wa shehia kadhaa za Unguja na Pemba walipewa chanjo ya kumeza ya kipindupindu. Chanjo humkinga mtu, lakini haisafishi kisima. Kisima kinahitaji watu wa kukiangalia.

Akina mama wachache wanaojitolea wanaweza kazi hiyo. Kipo kipimo rahisi kilichobuniwa India mwaka 1982. Maji hutiwa katika chupa safi yenye dawa maalumu, kisha huachwa mahali penye joto siku moja au mbili. Yakigeuka meusi, ni dalili kwamba huenda kinyesi kimeingia. Yasipogeuka, bado si ahadi kwamba ni salama kabisa. Kwa hiyo hupimwa mara kwa mara, hasa wakati wa masika na vuli. Chupa hizo huandaliwa na wataalamu. Muulizeni bwana afya.

Lakini kupima bila kuungwa mkono na wenyeji ni kutafuta ugomvi. Ukimtangazia mtu hadharani kwamba maji yake ni machafu, umemvunjia heshima, na kesho atakifunga kisima. Basi tufanyeje?

Kwanza, mwendeeni mwenye kisima kabla ya mtu mwingine yeyote. Mwahidini kwamba yeye ndiye atakayepewa majibu mwanzo.

Pili, mwombeni sheha nafasi mbele ya baraza la ushauri la shehia. Msiende na maneno mengi. Ombeni ruhusa, daftari la kuandikia tarehe na majibu, na mtu wa kupeleka habari kituo cha afya.

Tatu, kubalianeni mapema nini kitafanyika chupa ikigeuka nyeusi. Nani atawaambia watu wachemshe maji? Nani atamwita bwana afya atie klorini? Nani ataziba ufa wa ukingo na kuhamisha mbuzi? Hili ndilo jambo kubwa. Majibu yasiyo na tiba huleta hofu tu, na baraza halitawasikiliza mara ya pili.

Nne, pimeni visima vyote, na mwanze na kile cha kwenu. Hapo hakuna atakayesema mnamwandama.

Wakati huohuo, nyumbani chemsheni maji ya kunywa mpaka yatokote, myaweke katika chombo chenye kifuniko, na mchote kwa kata yenye mpini.

Nanyi mnaotumia maji ya ziwa, mto au bomba la jumuiya, utaratibu ni huohuo. Ombeni kwa heshima, pimeni kwa haki, na kila chupa nyeusi iwe na mtu wa kuishughulikia.