Tembea Uone: Bonde la Maporomoko 72

Ukijaliwa kufika Uswisi, iwe kwa masomo au kumzuru jamaa, usirudi kabla ya kuliona bonde la Lauterbrunnen. Ni bonde jembamba lililobanwa na kuta za majabali, na inasemekana lina maporomoko ya maji 72.

Wageni wengi hukimbilia garimoshi la kupanda Jungfraujoch, mita 3,454 juu ya bahari. Reli hiyo ilikamilika mwaka wa 1912, na sehemu yake kubwa imo ndani ya mlima. Lakini nauli yake ni ghali mno, hasa kwa mwanafunzi au mzazi mwenye watoto watatu.

Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Hapa, mwenye miguu ndiye hufaidi. Anzia Staubbach, maji yanayoanguka karibu mita 300 ubavuni mwa kijiji, yakatawanyika hewani kama vumbi. Goethe, mshairi wa Kijerumani, aliyaona mwaka wa 1779 akayatungia shairi. Kuyatazama ni bure.

Kisha fuata njia ya bondeni, mwendo wa chini ya saa moja, hadi Trümmelbach. Ukilipa kiingilio, utaona maji ya barafu za Eiger, Mönch na Jungfrau yakinguruma ndani ya jabali, hadi lita 20,000 kwa sekunde. Vaa koti, na mtoto mshike mkono.

Usiahirishe sana. Joto la dunia linazidi kuipunguza mito hiyo ya barafu, na wajukuu wetu huenda wakaisoma tu katika vitabu vya jiografia.