Faili la mgonjwa nalo livuke mpaka

Februari 11, 2024, mjini Abidjan, Sébastien Haller aliifungia Kodivaa bao la ushindi dhidi ya Nigeria katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Wengi walioshangilia bao lile hawakukumbuka kwamba Julai 2022, siku chache baada ya kujiunga na Borussia Dortmund ya Ujerumani, mchezaji huyo aligundulika kuwa na uvimbe wa saratani kwenye korodani. Alifanyiwa upasuaji mara mbili, akapata mizunguko minne ya tibakemikali, na Januari 2023 akarudi uwanjani.

Tunaikumbusha habari hiyo kwa sababu ugonjwa huu huwapata zaidi wanaume wa miaka 15 hadi 40, yaani rika la madereva, utingo, wapagazi na wachuuzi wanaovuka Namanga, Busia, Mutukula na Rusumo kila siku. Huanzia kwenye seli zinazotengeneza mbegu za uzazi. Seli hizo zipo pia kwenye ovari, hivyo wasichana na wanawake vijana nao hupata uvimbe wa jamii hii, ingawa kwa nadra.

Si ugonjwa wa kila nyumba, lakini ni miongoni mwa saratani zinazotibika vizuri zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kijana ambaye ugonjwa ulishamfika mapafuni alikuwa na nafasi ndogo mno ya kuishi. Mwaka 1974 Daktari Lawrence Einhorn wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, alianza kuwatibu wagonjwa kwa sisplatini ikichanganywa na dawa nyingine mbili. Leo, pale tiba inapopatikana kikamilifu, takriban wagonjwa 8 kati ya 10 hupona hata kama ugonjwa umesambaa. Ukigunduliwa mapema, hupona zaidi ya 9 kati ya 10.

Kinachowaponza vijana wetu ni kuchelewa. Kijana akigusa kinundu kigumu kisichouma, hujiambia ni busha au ngiri. Huona haya kumweleza hata mkewe. Hununua vidonge kwenye duka la dawa la mpakani na safari ikaendelea. Miezi baadaye mgongo ukimuuma au kikohozi kikimshika, hudhani ni uchovu wa magunia.

Uchunguzi wenyewe hauna la kutisha. Daktari hupapasa, kisha huagiza altrasaundi na vipimo vya damu vya AFP, LDH na hCG, homoni ile ile inayotafutwa kwenye kipimo cha mimba. Uvimbe ukithibitika, korodani hutolewa kupitia kinena. Iliyobaki, ikiwa nzima, kwa kawaida inatosha kwa unyumba na uzazi. Kwa kuwa tibakemikali inaweza kupunguza uwezo wa kuzaa, mgonjwa aulize mapema kama anaweza kuhifadhi mbegu.

Wataalamu wapo katika ukanda huu. Kampala ina Taasisi ya Saratani ya Uganda tangu mwaka 1967, Dar es Salaam ina Ocean Road, Rwanda ina Butaro, na Eldoret ina hospitali ya rufaa ya Moi, ambayo imeshirikiana na chuo hicho hicho cha Indiana kwa zaidi ya miaka 30.

Lakini tibakemikali ya ugonjwa huu kwa kawaida hutolewa kila baada ya siku 21, mizunguko mitatu au minne, na kuruka tarehe hupunguza nafasi ya kupona. Hapo ndipo mfanyabiashara wa mpakani anapokwama. Bima yake mara nyingi huishia pale gari lake linapogongewa muhuri. Majibu yake yamebaki kwenye faili la hospitali ya nchi nyingine, na anakofika anaambiwa aanze vipimo upya, kwa fedha yake na kwa siku ambazo hana.

Gazeti hili linaona hali hiyo haina sababu ya kuendelea. Itifaki ya Soko la Pamoja inatumika tangu Julai 2010. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano inasomwa na kuaminiwa katika kila kituo cha mpaka. Kama karatasi moja ya chanjo inaaminika, muhtasari wa matibabu ya saratani nao unaweza kuaminika. Tunawataka mawaziri wa afya wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakubaliane juu ya fomu moja itakayopokewa na hospitali zote za rufaa, na mifuko ya bima ya taifa ilipane kwa mgonjwa aliyeanza tiba nchi moja akaendelea nchi nyingine.

Wakati hayo yakisubiriwa, msomaji wetu asisubiri. Jipapase mara moja kwa mwezi baada ya kuoga. Kinundu au uzito usio wa kawaida, nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Maumivu makali ya ghafla, nenda saa hiyo hiyo. Ukipewa majibu, omba nakala, uipige picha kwa simu na uiweke pamoja na pasi yako ya kusafiria. Mzigo ukichelewa siku tatu mpakani, hasara yake inafidika. Tarehe ya dawa ikipita, hakuna anayeweza kukurudishia.