Soko la Salvador na Fatiha Mbili

Mji wa Salvador huko Bahia, nchini Brazili, ni miji miwili: mmoja bandarini na mwingine juu ya jabali, na baina yao pana lifti ya Lacerda iliyofunguliwa mwaka 1873. Ukishuka na kuvuka barabara utalikuta soko la Mercado Modelo. Soko lilianzishwa mwaka 1912, likapata mioto si mmoja, na tangu mwaka 1971 limo katika jengo lililokuwa forodha, lililomalizika mwaka 1861. Mwaka 1984 likaungua tena, likatengenezwa.

Nje ya soko nilimkuta mama mmoja wa makamo, nguo nyeupe na kilemba, akikaanga acarajé. Nikauliza zatengenezwa kwa nini. Kunde za kusaga, vitunguu na chumvi. Basi si bajia hizi! Ila wao hukaangia mawese, kisha hupasua katikati wakatia kamba wakavu. Ndani ya soko pana vitambaa vya kutarizi, vinyago, zeze la uzi mmoja lenye kibuyu waliitalo berimbau, na korosho tele. (Mkanju, mti tunaoudhania wetu, asili yake ni Brazili, na Wareno ndio walioueneza.)

Lakini si hayo yaliyonifanya nishike kalamu. Chini ya jengo pana chumba cha matao, na maji ya bahari huingia humo. Kiongozi wa watalii alitushusha, akasema kwa sauti ya chini kuwa hapo ndipo walipofungiwa watumwa kutoka Afrika wakingoja kunadiwa, na bahari ikijaa walikufa maji. Wenzangu walinyamaza kimya. Mimi niliinua mikono nikawasomea Fatiha, na machozi yakanitoka.

Usiku, nyumbani nilikofikia, nikapiga hesabu. Brazili ilipiga marufuku kuingiza watumwa kutoka ng'ambo kwa sheria ya mwaka 1850. Forodha hii ilimalizika miaka kumi na mmoja baadaye. Kweli utumwa wenyewe haukukomeshwa mpaka tarehe 13 Mei 1888, walakini hadithi ya merikebu na lile shimo haisimami. Bahia ilishusha watumwa kwa karne tatu. Dhuluma yake haihitaji kutiwa chumvi.

Tena, waungwana, ile iliyo kweli kiongozi wetu hakuitaja hata kwa neno moja.

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Januari 1835, katika siku za mwisho za Ramadhani ya mwaka 1250 Hijria, Waislamu wa mji huo waliinuka. Waliitwa Malê, wengi wao Wayoruba, na pamoja nao Wahausa, watumwa na walioachwa huru. Siri ilikuwa imevuja, wakalazimika kuanza kabla ya saa waliyoagana. Walivaa kanzu nyeupe, hirizi shingoni. Hukadiriwa kuwa walikuwa watu 600. Walijaribu kuivunja jela alimofungwa mzee wao, Pacifico Licutan, ambaye hakuwa na kosa lolote: alizuiwa kama mali kwa deni la bwana wake! Hawakuweza. Wakapigana njia nzima mpaka Água de Meninos, pwani ya mji, na huko askari wa farasi wakawamaliza. Zaidi ya 70 walikufa. Tarehe 14 Mei wanne walipigwa risasi kwa hukumu. Wengine walichapwa viboko, wengine wakarudishwa Afrika.

Polisi walipopekua nyumba walikuta karatasi za Kiarabu, nyingine aya za Kurani zilizokunjwa ndani ya hirizi, na mbao za kuandikia. Wino wa mbao hizo ulikoshwa na maji yake yakanywewa. Nani pwani hii asiyejua kombe? Mimi niliyesoma chuoni kwa ubao nilihisi kama nasomewa habari za maalimu wangu. Karatasi hizo zingaliko, katika nyaraka za serikali ya Bahia.

Mwenzangu mmoja wa safari alinijibu kuwa mtalii ataka shimo, hataki karatasi. Huenda. Nasi pwani tunao viongozi wa namna hiyo, na twawaachia. Lakini anayemliza mgeni kwa jambo lisilokuwa, huku amewaficha waliokufa kweli, amewauza wafu mara ya pili. Wakuu wa soko lile wana wajibu wa kulisahihisha, na mahali pa kuanzia wanapo.

Kwani Água de Meninos nayo ilikuja kuwa soko, la walalahoi. Liliungua mwaka 1964, na wauzaji wakahamia São Joaquim, papo hapo kando ya bahari. Nilikwenda siku ya pili. Pana vyungu, mbuzi, kuku, majani ya dawa, na mawese ndani ya chupa. Fatiha ya kwanza siijutii, Mola ajua pa kuifikisha. Nikasoma ya pili, nimesimama mbele ya mwuza mawese. Aliniuliza kwa vidole nataka chupa ngapi. Nikanunua moja.