Mazimwi ya Beowulf na Dhambi za Wanadamu

Miongoni mwa tenzi za kale za Uingereza hakuna uliosifiwa na kulaumiwa kwa wakati mmoja kama Beowulf, ambao umetufikia kwa hati moja tu, iliyoandikwa karibu ya mwaka 1000 na kunusurika katika moto wa London wa mwaka 1731 hali kingo zake zimeungua. Mwanachuoni W. P. Ker aliulaumu kwa kuweka mazimwi katikati na habari za wafalme na vita pembeni, J. R. R. Tolkien, katika mhadhara wake wa mwaka 1936, akajibu kwamba mazimwi ndiyo roho ya utenzi. Mimi niko upande wa Tolkien, wala sioni haya kuongeza kwamba kila zimwi la utenzi ule limefinyangwa kwa dhambi ya wanadamu wenyewe, dhambi iliyokuwa imekwisha kukaa ukumbini pamoja na mashujaa.

Grendel, aliyeuhujumu ukumbi wa Heorot wa Mfalme Hrothgar wa Denmaki kwa miaka 12, hakuachwa na mshairi awe hayawani asiye na asili, bali alipewa nasaba ya Kaini, ambaye Waislamu humjua kwa jina la Kabili, mwuaji wa ndugu yake. Beowulf, kijana wa Wageati wa kusini mwa Uswidi ya leo, alivuka bahari na wenzake 14, akakataa kushika silaha kwa kuwa adui yake hakuwa nayo, akamng'oa mkono. Na ushujaa huo unastahiki kila sifa uliyopewa. Walakini Unferth, aliyeketi kwa heshima miguuni pa mfalme, alikuwa amewaua ndugu zake mwenyewe, na ukumbi ule, mshairi atwambia mara tu ulipokwisha kujengwa, uliandikiwa kuteketea kwa uadui wa mkwe na baba mkwe. Kaini alikuwa ndani kabla Grendel hajafika mlangoni.

Lakini mahali panaponigusa kuliko pote ni karamu ya ushindi. Malenga wa mfalme aliimba habari za Hildeburh, binti wa Denmaki aliyeozwa kwa Wafrisia ili pawe na suluhu, akaishia kumweka mwanawe na kaka yake juu ya kuni za maziko, kisha mumewe naye akauawa kwa kisasi. Watu walisikiliza, wakanywa, wakalala. Na usiku ule ule akatoka ziwani mama mwingine aliyefiwa na mwana, mama yake Grendel, akamwua Æschere, mshauri mpendwa wa mfalme. Ametenda nini mama huyu ambacho sharia ya mashujaa haikuwaamuru wao wenyewe? Beowulf alimwendea chini ya maji akamwua, na alistahiki kumwua, ila sharia ile ya damu kwa damu aliiacha hai nyuma yake.

Zimwi la mwisho, joka, lilikalia hazina miaka 300 bila ya kumnufaisha mtu, kinyume cha mfalme mwema ambaye sifa yake ya kwanza ni ukarimu, nalo liliamka kwa hasira baada ya mtu kuliibia kikombe kimoja. Beowulf, sasa mfalme mzee aliyewatawala Wageati miaka 50, alilikabili peke yake. Wenzake wakakimbilia mwituni, isipokuwa Wiglaf, na mfalme na joka wakafa pamoja. Hazina ikarudishwa ardhini katika kaburi la Beowulf, na tarishi akawatangazia Wageati kwamba Waswidi na Wafaranki, wenye visasi vya zamani, watakuja.

Kwa hiyo nawasihi walimu wanaowasomesha vijana utenzi huu kama kisa cha shujaa na majitu tu, wasiiruke habari ya Hildeburh, wala wasiisome mbali na ujio wa mama yake Grendel.