Aliyetoka kuugua asishuke mlima kwa kuona aibu

Wiki hii naomba tuziweke kando habari za vyoo na maji ya kuchemsha, tuzungumze juu ya baiskeli. Najua wapo watakaouliza baiskeli imeingiaje katika ukurasa wa afya. Mimi jibu ninalo begani.

Nilianguka mwezi wa Novemba, mvua za kwanza zimeshaanza, katika mteremko mmoja nje ya mji wa Kasulu. Mtulinga ukavunjika. Nikafungwa mkono, na kabla mkono haujafunguliwa nikashikwa na malaria. Kwa ujumla nilikaa miezi minne bila kugusa baiskeli. Mwezi wa Machi nikairudia, nikafika juu ya mteremko ule ule, nikashuka kwenye kiti na kuanza kuikokota. Mikono ilikuwa inatoka jasho na asubuhi ilikuwa ya baridi. Wakapita vijana watatu wenye mikungu ya ndizi, mmoja akanipigia kelele: "Mzee, baiskeli inasukumwa kupanda, haisukumwi kushuka!"

Nikaona aibu. Nikapanda. Kona ya kwanza tu nililiona jiwe, nikalikodolea macho nisilipige, nikalipiga. Alhamdulillah safari hii sikuvunjika kitu, suruali tu ndiyo iliyochanika. Lakini nilipokuwa nimekaa pale kando ya mfereji nilijiuliza kilichonipandisha ni nini, na jibu lilikuwa maneno ya kijana wa miaka kumi na minane ambaye hata jina langu halijui.

Kwetu huku, ndugu msomaji, baiskeli si mchezo. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na sisi wa Kasulu na Kibondo tunaishi juu ya mita 1,200, katika nchi ya vilima na mabonde ya mito inayokwenda Malagarasi. Pikipiki zimechukua abiria wengi, lakini maharage, mkaa, ndizi na madumu ya mawese bado yanasafiri kwa baiskeli. Mtu akiumwa miezi mitatu na akarudi akiwa anauogopa mteremko, nyumba yake imepungukiwa chakula. Ndiyo maana hofu hii wengi huificha. Mgonjwa atakwambia homa imepona na mguu umepona, lakini kwamba anaogopa kushuka mlima hatakwambia, hata mke wake hamwambii.

Maoni yangu ni kwamba hofu hiyo mara nyingi inasema kweli, na anayeicheka anacheka asilolijua. Tazama mambo yaliyobadilika katika miezi minne. Kwanza mwili. Kiganja kisichokamata breki kwa muda huo hupoteza nguvu, na mkono uliofungwa hukakamaa. Mtu aliyetoka kwenye malaria anaweza kuona kizunguzungu akiinuka tu kitandani, sembuse akiwa anateremka kwa kasi. Pili chombo chenyewe. Baiskeli yangu ilisimama chini ya upenu mvua zote zile. Raba za breki zilikuwa zimekauka zikawa ngumu kama ukwato, vyuma vya breki vimeshika kutu, nati mbili zimelegea. Fundi alibadilisha raba zote nne kwa bei ndogo kuliko nauli ya pikipiki ya siku moja, na mimi nilikuwa nimeshuka mlima bila hata kuziangalia!

Jambo la tatu ndilo ambalo watu hawalifikirii kabisa. Mteremko wenyewe haukuwa ule. Mvua za kwetu huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili au Mei, na katika muda huo maji huchimba mifereji katikati ya njia, huleta mawe mapya na kuondoa yale uliyoyazoea. Akili inakumbuka njia ya Novemba, tairi linapita njia ya Machi. Ule ujasiri wa zamani ulikuwa wa njia ambayo haipo tena. Kwa hiyo mtu anayekokota baiskeli siku ya kwanza, akaiangalia njia hatua kwa hatua, huyo anasoma. Mwacheni asome.

Upande wa barabara kuu mambo ni mengine. Ile ya kutoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa udongo na changarawe, imekuwa ikiwekwa lami katika miaka hii ya 2020. Ni neema, lakini lami haikupunguzii mwendo kama changarawe. Na mwendo una hesabu yake: ukitoka kilomita 15 kwa saa ukafika 30, nguvu ambayo breki inatakiwa kuimaliza haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Ongeza gunia la mkaa nyuma, halafu lowanisha rimu ya chuma kwa mvua. Breki zile za vyuma kwenye rimu iliyolowa hushika kwa shida, ndipo unaposikia mtu akisema "breki zilikataa". Hazikukataa, zilichelewa kuombwa. Ziguse kidogo kidogo mapema ili raba ifute maji, kabla hujazihitaji.

Wapo wanaodhani hofu ya namna hii ni ya wazee na wanyonge. Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kufanyika Afrika, nchi jirani na sisi kabisa. Aliyeshinda mbio za wanaume za kukimbia dhidi ya saa ni Mbelgiji, Remco Evenepoel. Huyu mwezi wa Agosti 2020 alikuwa anateremka mlima huko Italia katika mashindano, akagonga ukingo wa daraja akatumbukia bondeni, nyonga ikavunjika. Hakushindana tena mpaka Mei 2021, na aliporudi, watu wote waliokuwa wakitazama waliona kwamba kwenye miteremko anasitasita na wenzake wanamwacha. Kijana wa miaka 21, mwenye madaktari na walimu wa kila aina. Mwaka 2022 akawa bingwa wa dunia, na mwaka 2024 akachukua medali mbili za dhahabu katika Olimpiki ya Paris. Basi kama yeye alihitaji muda, mimi mwenye Phoenix na mtulinga ulioungwa nani anikataze?

Lakini nawalaumu pia wale wanaokata tamaa. Nawajua watu wawili Kibondo waliouza baiskeli zao baada ya kuanguka mara moja. Sasa kila shilingi wanayopata sokoni inaishia kwenye pikipiki. Hofu ukiiacha ikae tu bila kuifanyia kazi haiondoki, inaota mizizi.

Mgonjwa aliyetoka kitandani hatumpi ugali wa muhogo siku ya kwanza, tunampa uji. Mteremko ni hivyo hivyo. Baada ya breki kutengenezwa, mimi nilianza na kilima kidogo karibu na nyumbani, kile ambacho watoto wanateremka wakiwa wamebebana. Niliteremka bila mzigo, nikasimama katikati kwa makusudi, nikateremka tena. Kusimama katikati ndiyo dawa yenyewe, kwa sababu mtu anayejua kwamba anaweza kusimama hana tena sababu kubwa ya kuogopa kwenda. Wiki iliyofuata nikaongeza kilima kingine, kisha nusu ya mzigo.

Na macho, jamani, macho! Baiskeli inakwenda unakotazama. Ukilitazama jiwe utalifuata, kama nilivyolifuata mimi. Tazama mbele, hatua kumi au kumi na tano, pale unapotaka tairi lipite. Viwiko vilegee visikakamae. Pedali ziwe sawa, moja mbele moja nyuma, na uzito uusogeze nyuma kidogo. Breki shika zote mbili, na uzishike kabla ya kona, si ndani ya kona. Ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini ukiikamata kwa pupa juu ya changarawe itakulaza chini. Usisahau kupumua. Inachekesha kuandika hivyo, lakini mtu mwenye hofu hubana pumzi bila kujua.

Mavazi nayo. Siku ya Ijumaa utaona mtu anateremka kuwahi msikitini, kanzu inapepea kando ya mnyororo. Ikunje uifunge kiunoni, utaishusha ukifika. Dada zetu wanaobebwa nyuma waangalie pindo za kanga na baibui zisiingie kwenye spoku. Kandambili zinateleza kwenye pedali. Na kofia ya kudarizi ni pambo zuri, lakini haizuii kichwa kupasuka. Mwenye uwezo atafute kofia ngumu.

Ukianguka, osha jeraha kwa maji safi mengi na sabuni mpaka mchanga utoke wote. Usiweke majivu, udongo wala unga wa betri, maana hapo ndipo pepopunda inapopata mlango. Nenda zahanati waulize kuhusu chanjo yake. Aliyegonga kichwa akaanza kutapika, kusinzia au kuumwa na kichwa kinachozidi, apelekwe hospitali hata kama hana mkwaruzo.

Na nyinyi wenye mizigo, mnaomwambia kijana aliyeugua kwamba asipobeba magunia mawili kesho asije tena, hilo naliona ni dhuluma ndogo inayoweza kuzaa kubwa. Mpeni gunia moja kwa wiki mbili. Maharage hayaozi kwa wiki mbili.

Mimi mteremko wangu niliushuka wote juu ya baiskeli mwezi wa Mei, mvua zikielekea kukatika. Kona ya kwanza, siku za tope, bado naikokota. Vijana wa ndizi wameshanizoea, siku hizi wanapita wananiamkia tu, na yule mmoja mwezi uliopita alisimama akaniuliza raba za breki nilizinunua wapi.