Masomo yalirudi, klabu zikabaki inje

Mwaka wa masomo 2024-2025 ulianza tarehe 2 mwezi wa kenda 2024. Lakini kwa watoto wengi wa shule za serikali, zaidi sana Kivu ya Kusini, siku ile milango ilikuwa imefungwa: walimu walikuwa wanagoma juu ya mushahara. Kisha masomo yakaanza pole pole. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 AFC/M23 ikakamata Goma, na katikati ya mwezi wa pili ikaingia Bukavu. Shule zikafunga. Watoto wakakimbia pamoja na wazazi. Wengine walirudi, wengine mpaka leo hawajaonekana darasani.

Wakati shule zilifungua tena, kila prefe alifanya hesabu ileile. Buletini ya sekondari iko na vipindi vine na mitihani miwili. Programu ni ndefu, wakati umekatwa. Saa zenye zilipotea zilipaswa kutafutwa fasi fulani, na katika shule nyingi zilitafutwa kwenye klabu.

Mutu mwenye amesoma huku anazijua: klabu ya Kingereza, ya mabishano, ya michezo ya kuigiza, ya mazingira na miche yao nyuma ya darasa, watoto wa Musalaba Mwekundu, na ile timu ya Génies en herbe yenye inaenda kushindana na shule ingine, saa zingine kwenye redio. Zote ziko na ulemavu moja: haziko na pointi. Hakuna mustari wao kwenye buletini, na kitu chenye hakina pointi njo cha kwanza kutupwa.

Kusema kweli, mawazo ya prefe si ya bure. Shule nyingi za muji ziko na vakasio mbili. Saa sita na nusu ya muchana wa asubui wanatoka, wa mangaribi wako tayari mulangoni. Klabu itakutania wapi, chini ya muti wakati mvua inanyesha? Siku ya posho nayo ni siku ya masomo. Halafu kuna feza. Elimu ya bure yenye ilianza mwezi wa kenda 2019, kufuatana na kifungu cha 43 cha Katiba, ni ya shule ya musingi. Sekondari wazazi wanaendelea kulipa, na mwalimu mwenye anasimamia klabu kwa kawaida halipwi kitu juu ya ile kazi. Wakati benki zilifunga Goma, mwalimu alikuwa anatafuta namna ya kupata mushahara wake wa kawaida. Kumuomba abakie mpaka saa kenda bila kitu, ni kumuomba mengi.

Tena kuna woga, wenye watu hawapendi kuutaja. Muzazi anataka mutoto afike nyumbani mapema. Na mwenye kuongoza shule anajua kama vijana wenye kukusanyika, hata kama wanabishana tu juu ya mifuko ya plastiki, wanaweza kueleweka vibaya.

Yote ile ni kweli. Lakini hesabu inasahau jambo moja: darasa lenyewe liko namna gani. Vitabu ni haba. Katika madarasa mengi mwalimu anaandika ubaoni ao anasoma, watoto wanakopia. Kwenye darasa la watoto sitini, mutoto anaweza kumaliza juma nzima bila kusema sentensi moja ya Kifaransa yenye ni ya kwake. Halafu katika mwaka wa ine wa humanités anafika mbele ya mutihani wa serikali, na mulango wa kwanza ni disertasio: andika mawazo yako, yapange, yatetee. Ni wapi alijifunza kutetea wazo? Kwa wengi ilikuwa kwenye mabishano ya klabu, mbele ya wenzake wenye kumucheka. Ile saa yenye ilikatwa ili programu imalizike ilikuwa inafanya kazi ya programu.

Wasichana ndio wanapoteza zaidi. Nyumbani wanangojewa na maji, sufuria na mutoto mudogo. Klabu ilikuwa sababu ya kubakia shuleni yenye wazazi wanaikubali. Ikiondoka, hakuna ingine. Wale wenye walikimbia kutoka Masisi ao Rutshuru na kuingia darasa katikati ya mwaka nao walipoteza kitu. Darasani wanajulikana kama «wakimbizi». Kwenye timu ya maswali, mutu anajulikana kwa jibu lake.

Kuirudisha haiombi jengo. Shule yenye inafundisha saa sita kwa siku, siku sita, iko na saa 36 kwa juma. Saa ya mwisho ya posho, ikiandikwa kwenye oreri kama vile hesabu inaandikwa, inatosha klabu mbili zikipokezana. Komite ya wazazi nayo iko na ulizo la kuleta kwenye kikao: kama kwenye karatasi ya malipo kuna feza ya michezo na utamaduni, ilienda wapi mwaka wenye hakukuwa na muchezo?

Na haifai kukawia. Klabu za sekondari hazina kitabu. Kazi yao inapita kwa midomo. Wa mwaka wa ine wanaonyesha wa tatu namna ya kuongoza mabishano, namna ya kuandika barua ya kualika shule ingine, nani anatunza kifunguo cha sanduku la vyombo. Kama wakubwa wanapata diploma na kwenda mbele ya kuonyesha wadogo, kwa mwaka wenye kufuata hakuna mwenye anajua hata kifunguo kiko kwa nani.