Shida Si Moto Kidogo, Ni Mgawo

Watu wangu wa Hagadera mlioko Lewiston kule Maine, hii ni yenu. Wasomali walianza kuhamia huko 2001, na kila msimu wa baridi sauti za WhatsApp ni zile zile: ghorofa moja wamelala na jaketi, nyingine wamefungua madirisha na nje kuna theluji. Alafu mtu anasema, "Si waongeze moto!" Mimi napinga.

Kwenye nyumba za zamani zenye joto la mvuke, boila iko chini, mvuke unapita kwa bomba hadi rejeta za vyumba. Lakini bomba limejaa hewa, na mvuke hauingii mpaka hewa itoke. Kila rejeta ina kidude pembeni cha kuitoa. Ya karibu na boila inamaliza hewa mapema, inashiba. Kidhibiti joto kikiwa upande huo, kinaona mambo sawa, kinazima boila. Ya mbali bado inapumua hewa tu. Ukiongeza moto, aliyeshiba anaungua zaidi na bili inapanda.

Mwambieni mwenye nyumba hivi: bomba kuu litoe hewa haraka kwanza. Kisha rejeta za karibu ziwekewe kidude cha polepole, za mbali cha haraka. Na kama bomba ni moja, linaloleta mvuke na kurudisha maji, msifunge koki ya rejeta nusu. Maji yatakwama ndani, na usiku kucha ni kugonga ko-ko-ko.

Sisi huku tusicheke. Joto tunalo bure, lakini maji je? Kambi iko tangu 1992 na bado walio karibu na tangi wanajaza madumu, huku mfereji wa bloku ya mwisho unapuliza hewa. Tunapiga kelele pampu iongezwe, na pampu ikizimwa wa mwisho ndiye anakosa. Kwenye hiyo foleni kuna msichana amechelewa shule.

Koki za karibu zipunguzwe, au tugawe saa, bloku ya mwisho ianze. Wa karibu watalalamika, sawa, lakini watapata tu.

Mkutano ujao wa bloku nitauliza swali moja: nani anashika ufunguo wa koki, na anaanza kufungulia upande gani?